Kulifungua upya daftari la matamasha na opera la enzi za uanafunzi ughaibuni: mwongozo kamili

“31.12.86. Tisa. Nimekaa pembeni, upande wa ngoma. Yule mama wa kwaya analia huku anaimba. Njaa.”

Hayo ndiyo yote niliyoandika kuhusu usiku ule. Maneno kumi na manne, kalamu ya bluu, na doa la chai kwenye kona ya ukurasa. Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo Leipzig, katika iliyokuwa Ujerumani Mashariki, na mtu aliyenipeleka kwenye tamasha langu la kwanza alinishauri niwe naandika kila ninachosikia. Nikaandika kwa miaka minne. Kisha daftari likalala sandukuni zaidi ya miaka thelathini.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliye na daftari la namna hiyo, liwe lake mwenyewe au la mzazi wake. Mifano yangu mingi inatoka Leipzig kwa sababu ndiko nilikokuwa, lakini kazi ni ileile kwa aliyesoma Vienna, London au Leningrad. Kanuni moja naishikilia kuliko zote: usimsahihishe yule mwanafunzi. Alichokosea kukiandika mara nyingi ndicho kitakachokuambia alisikia nini, aliketi wapi na alifika saa ngapi.

Hatua ya kwanza: piga picha kabla hujasoma

Najua hamu ilivyo. Lakini daftari lililofungwa miaka mingi huwa limeshika, na kila ukilifungua gundi ya mgongoni inaachia kidogo. Kwa hiyo upekuzi wa kwanza uwe wa kupiga picha.

Nawa mikono, ikauke vizuri. Laza daftari karibu na dirisha, mbali na jua la moja kwa moja, na uzime mwanga wa kamera. Piga kila ukurasa kwa mpangilio wake, pamoja na jalada na kurasa tupu. Tupu nazo zina habari: mimi nina kurasa sita tupu katikati ya mwaka 1985, na ndizo zilizonikumbusha kuwa nililazwa hospitali. Tiketi au kijitabu cha programu kikiwa katikati ya kurasa, kipige kwanza pale pale kilipo, ndipo ukitoe na kukipiga mbele na nyuma. Ukikitoa kwanza, utakuwa umepoteza ushahidi wa kilikuwa cha tarehe gani.

Ukiwa na skana, nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa kurasa. Tiketi na maandishi yaliyofifia yape 600. Majina ya mafaili yaanze na mwaka, mwezi, kisha siku: 1986-12-31. Hivyo kompyuta itayapanga yenyewe. Weka nakala mbili mahali pawili tofauti.

Sasa maadui. Pini za stepla hushika kutu na kutoboa karatasi, kwa hiyo zing'oe taratibu kwa kuzinyoosha miguu nyuma. Mipira ya kufungia huyeyuka na kuganda. Vipande vya gazeti ndivyo vibaya kuliko vyote, maana karatasi ya gazeti ina asidi na hugeuza ukurasa wa jirani rangi ya kahawia. Vitenganishe na uviweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi. Usirekebishe mpasuko kwa utepe wa gundi, na usifunge kitu chochote ndani ya plastiki ya moto. Ukitaka kuweka namba ya ukurasa, tumia penseli, kwa mkono mwepesi.

Hatua ya pili: soma bila kalamu

Jioni moja, mwanzo hadi mwisho. Usitafute kitu mtandaoni, usimpigie mtu simu. Kuna mambo yatakujia kwa sababu tu umeona mwandiko wako ulivyokuwa, na yakishachanganyika na ulichosoma kwingine hutaweza tena kuyatenga. Ukimaliza, chukua karatasi nyingine uandike yaliyokujia. Weka tarehe ya leo.

Hatua ya tatu: nakili neno kwa neno

Nakili kila kitu kama kilivyo, pamoja na makosa ya tahajia, vifupisho, maneno ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa masikio ya Kiswahili. Mahali pasiposomeka weka alama ya kuuliza ndani ya mabano ya mraba. Maelezo yako ya leo yasiingie humo kabisa.

Pembeni tengeneza jedwali. Langu lina safu hizi: ukurasa, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe halisi, ukumbi, kazi kama ilivyoandikwa, kazi halisi, wasanii, ushahidi, na kiwango cha uhakika. Hiyo ya mwisho watu huiruka, kisha baada ya mwezi hawajui tena lipi walilithibitisha na lipi walilibahatisha. Mimi natumia herufi tatu: T kwa kilichothibitishwa na karatasi ya wakati ule, K kwa kinachokisiwa, na S kwa sijui.

Utakutana na vifupisho vyako mwenyewe usivyovielewa. Mimi “K.M.” ilinisumbua wiki nzima. Chuo chetu kiliitwa Karl-Marx-Universität, uwanja uliokuwa mbele ya Gewandhaus, ukumbi wa matamasha, uliitwa Karl-Marx-Platz, na aliyeongoza okestra ya Gewandhaus tangu 1970 hadi 1996 ni Kurt Masur. “Nimemwona K.M. akivuka K.M.” ni sentensi yenye maana kamili, ila inahitaji mfasiri. Na ukiwa umeandika “kondakta”, kama nilivyofanya mimi, waeleze watakaosoma kuwa ni mwongoza okestra. Binti yangu alisoma “kondakta mkali leo, anapiga kelele bila sauti” akadhani nilikuwa kwenye tramu.

Hatua ya nne: tarehe, siku na saa

Hapa ndipo penye mitego mingi, hasa kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili.

Anza na mtindo wa tarehe. Wajerumani huandika siku kwanza, tena wakati mwingine mwezi kwa tarakimu za Kirumi: 14.III.87. Wamarekani hutanguliza mwezi. Mwanafunzi aliyehama nchi katikati ya masomo anaweza kuwa amebadili mtindo bila kujijua. Namba ikizidi 12 mahali fulani, umepata jibu la ukurasa ule.

Kisha linganisha na siku ya juma. Kalenda ya mwaka wowote inapatikana kirahisi: 14 Machi 1987, kwa mfano, ilikuwa Jumamosi. Tarehe na siku zisipokubaliana, mara nyingi siku ndiyo sahihi, maana mtu hukumbuka Jumamosi kuliko kukumbuka tarehe kumi na nne. Lakini jihadhari na Leipzig na sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini mwa Ujerumani: Jumamosi huko huitwa Sonnabend, na Jumapili ni Sonntag. Mimi nilifupisha zote mbili “Son.”. Bila kalenda nisingezitenganisha.

Saa sasa. Kwenye daftari langu kuna mifumo mitatu. “Saa 1.30” ni ya Kiswahili, yaani saa moja na nusu usiku. “19.30” ni ya kwenye tiketi. Na “7.30” ni ya siku nilipokuwa najaribu kuwa Mzungu. Zote ni muda mmoja. Jambo baya zaidi ni halb acht. Kwa Mjerumani maana yake ni nusu kuelekea nane ya saa yao, yaani 19.30. Mimi mwaka wa kwanza nilisikia “nane na nusu”, nikaibadilisha kwa Kiswahili ikawa saa mbili na nusu, nikafika saa mbili na robo nikiwa na raha zangu. Mhudumu wa mlangoni aliniweka kwenye benchi hadi mapumziko. Daftari linasema: “Leo wamepiga kazi moja tu. Wavivu.”

Kwa miaka mingi niliamini kweli lilikuwa tamasha fupi. Kijitabu cha programu kilichokunjwa nyuma ya daftari kina kazi mbili. Ndiyo maana nasema usisahihishe. Kama ningefuta “wavivu” nikaandika programu kamili, ningejiandikia kwamba nilisikia kitu ambacho sikukisikia.

Hatua ya tano: ulisikia nini hasa?

Mwanafunzi huandika “Simfoni ya Schubert, ndefu, nzuri”. Ipo namna ya kumbana aseme zaidi.

Namba za simfoni haziaminiki. Ile ya Dvořák iitwayo “Kutoka Dunia Mpya” ilichapishwa ikiwa ya 5, na leo ni ya 9. Simfoni Kuu ya Schubert katika C utaikuta imeandikwa ya 7, ya 8 au ya 9 kutegemea nchi na mwaka, na ile Isiyokamilika ni ya 8 kwa wengine na ya 7 kwa wengine. Tafuta namba ya orodha ya kazi za mtunzi badala yake. Kwa Schubert ni D, kutoka kwa Otto Erich Deutsch: Isiyokamilika ni D 759, Kuu ni D 944. Kwa Mozart ni K au KV, ya Köchel, iliyochapishwa mara ya kwanza 1862. Kwa Bach ni BWV, ya mwaka 1950. Kama namba hiyo ipo popote kwenye programu au tiketi, umemaliza.

Kama haipo, angalia ufunguo, yaani noti ambayo muziki wote umejengwa juu yake. Ujerumani Dur ni meja na Moll ni maina, na kuna herufi mbili zinazowapoteza wengi: H ya Kijerumani ndiyo B ya Waingereza, na B ya Kijerumani ni B iliyoshushwa nusu toni. Niliandika “Beethoven, B”, na hiyo ni Simfoni ya 4. Niliandika “Misa ya H” nikidhani H ni ya Haydn. Ilikuwa Misa ya Bach katika h-Moll, kanisani Thomaskirche, mahali alipofanya kazi tangu 1723 hadi alipofariki 1750.

Opera zina matatizo yake. Majina niliyatafsiri mwenyewe: “Filimbi ya ajabu”, “Bibi harusi aliyeuzwa”, “Mholanzi arukaye”, “Mpiga bunduki huru”. Ukitaka kuyafumbua, usianze kutafuta kwa Kiingereza. Rudisha kwanza kwenye lugha ya mji ule. Hizo ni Die Zauberflöte ya Mozart, Die verkaufte Braut ambayo ni Prodaná nevěsta ya Smetana, Der fliegende Holländer ya Wagner, na Der Freischütz ya Weber. Nyumba nyingine za opera zilikuwa na msimamo wa kuimba kwa lugha ya wasikilizaji: Komische Oper ya Berlin, iliyoanzishwa 1947 na Walter Felsenstein, iliimba kwa Kijerumani, na English National Opera huimba kwa Kiingereza. Kwa hiyo “Der Troubadour” ya kwenye tiketi ni Il trovatore ya Verdi, na huenda hukusikia neno hata moja la Kiitaliano.

Zipo pia opera zenye sura zaidi ya moja, na hapo sentensi ya kizembe inaweza kuwa dhahabu. Don Carlos ya Verdi ilianza Paris 1867 ikiwa na matendo matano. Ile ya Milan ya 1884 ina manne. Ukiwa umeandika “imeanzia msituni”, umeona ya matano. Boris Godunov ya Mussorgsky nayo huisha Boris akifa, au huisha na mjinga wa Mungu akilia peke yake baada ya ghasia za msituni. Mimi niliandika: “Mfalme amekufa mapema, watu hawaondoki.” Sentensi hiyo ilinifunulia toleo zima.

Hatua ya sita: mahali

Hapa haraka haraka, maana ramani za zamani zinapatikana. Karl-Marx-Platz ya Leipzig leo ni Augustusplatz. Leningrad ilirudia jina la St. Petersburg mwaka 1991, na ukumbi wa Kirov ukawa tena Mariinsky. La kuangalia zaidi ni majina yanayobaki huku jengo likibadilika. Gewandhaus ni jina la okestra na pia la ukumbi. Ukumbi wa sasa ulifunguliwa Oktoba 1981; kabla ya hapo, tangu 1946, okestra ilipiga kwenye Kongreßhalle iliyo pembeni ya bustani ya wanyama. Daftari la 1979 likisema “Gewandhaus” na “nimesikia simba”, usicheke, si lazima liwe kosa.

Dresden nilipata ushahidi kwa pua. “Mpiga bunduki huru. Jengo linanukia rangi.” Semperoper, jumba la opera la mji huo, ilifunguliwa tena 13 Februari 1985 kwa opera hiyohiyo ya Weber, miaka 40 kamili baada ya usiku wa mabomu ulioiteketeza. Mimi nilifika baadaye, lakini harufu ilikuwa bado ipo.

Hatua ya saba: thibitisha kwa kumbukumbu za nje

Baadhi ya taasisi zimeweka kumbukumbu zao wazi mtandaoni. Metropolitan Opera ya New York ina orodha ya maonyesho tangu 1883. New York Philharmonic imeweka programu zake tangu 1842. Opera ya Vienna ina maonyesho tangu ilipofunguliwa upya 1955, na Proms, matamasha ya kila mwaka ya London yaliyoanza 1895, zina kumbukumbu yake. Tafuta kwa tarehe kwanza, ndipo kwa kazi. Ukitafuta kwa jina la mwimbaji unayemkumbuka, utajikuta unailazimisha tarehe ikubaliane na kumbukumbu yako.

Kwa Ujerumani Mashariki, Staatsbibliothek, maktaba kubwa ya Berlin, imeyaweka katika mfumo wa kidijitali magazeti matatu ya wakati ule: Neues Deutschland, Berliner Zeitung na Neue Zeit. Tahakiki ya tamasha mara nyingi hutoka siku moja hadi chache baadaye, kwa hiyo soma wiki nzima. Leipzig kwenyewe kuna Deutsches Musikarchiv, hazina ya rekodi na nota iliyohamishiwa huko kutoka Berlin mwaka 2010.

Visipopatikana mtandaoni, andika barua pepe kwa mtunza kumbukumbu wa ukumbi. Iwe fupi: tarehe, ukumbi, ulicho nacho mkononi, na swali moja. “Tarehe 31 Desemba 1986 nilisikiliza Simfoni ya 9 ya Beethoven katika ukumbi wenu. Ninayo tiketi. Naomba kujua majina ya waimbaji wanne wa peke yao.” Ukiandika kurasa tatu za maisha yako, watazifurahia lakini watakujibu mwishoni kabisa.

Hatua ya nane: sikiliza tena

Usitafute rekodi bora duniani. Tafuta iliyo karibu na ulichosikia: okestra ileile, kiongozi yuleyule, miaka ileile. Mimi nina bahati, kwa sababu Masur na Gewandhaus walirekodi sana, na sahani nyingi za wakati huo zilitolewa na Eterna, lebo ya muziki wa kiklasiki ya Ujerumani Mashariki. Kwa opera ulizosikia kwa Kijerumani, tafuta rekodi za zamani zilizoimbwa kwa Kijerumani. Nilijaribu opera ya Figaro ya Mozart kwa Kiitaliano, na nusu ya vichekesho nilivyovikumbuka havikuwamo.

Sikiliza mara ya kwanza ukurasa ukiwa wazi mbele yako, bila nota. Mara ya pili chukua nota. Za watunzi hawa wa zamani zinapatikana bure kwenye IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni. Tamasha moja kwa wiki linatosha. Niliwahi kusikiliza matano kwa siku mbili nikaishia kukumbuka kiti changu cha sebuleni.

Tena usishangae ukichukia ulichokipenda. Nimeandika mara nne kuhusu Simfoni Kuu ya Schubert, ile ya siku ya benchi ikiwa ya kwanza, na mara zote nne nalalamika kwa urefu. Sasa siichoki. Sikujua wakati ule kwamba ilipigwa hadharani mara ya kwanza mjini humohumo, Machi 1839, Mendelssohn akiongoza, baada ya Schumann kuikuta Vienna kati ya karatasi za ndugu yake Schubert. Nililijua hilo juzi, nikaliandika kwenye maelezo yangu ya leo. Kwenye daftari bado nalalamika.

Hatua ya tisa: ukitaka wengine wasome

Marafiki uliowataja hawakujua kuwa wanaandikwa. Tumia herufi ya kwanza tu, na walio hai waulize. Kwa madaftari ya nchi ambazo watu waliogopa kusikika wakisema jambo, fanya hivyo hata kwa wasiokuwapo tena. Mtu aliyekunong'oneza kitu wakati wa mapumziko mwaka 1987 hakukupa ruhusa ya kukichapisha. Chapa nakala ya mwanafunzi upande wa kushoto na maelezo yako upande wa kulia.

Ukurasa wa tarehe 31 Desemba sasa uko hivi. Kushoto, maneno kumi na manne. Kulia, mbele ya “Tisa”: Simfoni ya 9 ya Beethoven, ambayo Leipzig huisikiliza kila mkesha wa mwaka mpya, desturi iliyoanza 1918 Arthur Nikisch akiongoza. Mbele ya “ngoma”: sehemu ya pili, pale ngoma zilizowekwa kwenye noti mbili za F zilizoachana oktava moja zinapoachiwa zijibu okestra zikiwa peke yake; niliposikia rekodi niligeuza kichwa kushoto kabla hazijalia. Mbele ya mama wa kwaya nimeweka S. Mbele ya “Njaa” nimeweka T, kwa sababu nyuma ya tiketi nimekuta hesabu ya fedha niliyoipiga kwa penseli usiku uleule, na jibu lake ni sifuri.